Kituo au nyumba ya ndugu: yatima aende wapi?

Matanga yakiisha, wanaobaki mkekani ni wachache na swali ni moja: watoto nani anawachukua? Mmoja atasema damu haitupwi, wagawanywe kwa ndugu. Mwingine atasema anafahamiana na mtu wa kituo fulani, kizuri, watoto wanakula mara tatu kwa siku na wanasoma. Kuanzia hapo kikao hulinganisha jengo zuri na ndugu maskini, na mwenye sauti nene ndiye anayeshinda.

Huo si ulinganisho. Kuna vituo na vituo, kuna ndugu na ndugu, na mtoto wa miezi minane hahitaji anachohitaji kijana wa miaka kumi na tano. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usihangaike kuutafuta: naanza na ndugu, na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu sitoki hapo kirahisi. Ila "ndugu" si jibu mpaka litajwe jina la mtu. Ukoo haulei mtoto. Anayelea ni mtu mmoja, yule atakayeamka usiku homa ikipanda, na kama mtu huyo hakuwepo kikaoni, uamuzi wenu ni hewa.

Kwanza tuhesabu walio hai

Neno yatima linabeba watoto wa namna mbili. UNICEF humhesabu yatima mtoto yeyote chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu yake ya mwaka 2015 walikuwa karibu milioni 140 duniani, lakini waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Yaani katika kila yatima kumi, tisa hivi bado wana baba au mama.

Vituoni hali si tofauti sana. Mwaka 2009 shirika la Save the Children liliandika kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi katika taasisi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Si kwamba hawana mtu. Wengine waliletwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu, wengine kwa sababu ya ulemavu, wengine kwa sababu mzazi aliahidiwa shule ya bure. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, na moja ya mambo iliyoyasema waziwazi ni kwamba umaskini peke yake hauwi sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake.

Kwa hiyo kabla hamjamlinganisha baba mdogo na kituo, kuna chaguo ambalo mara nyingi halitajwi kikaoni: mama mjane abaki na wanawe, au baba mgane abaki nao, na ile michango ambayo ingemsafirisha mtoto na kumlisha kwingine imfikie mzazi huyo kila mwezi. Mtoto aliyefiwa na baba wiki iliyopita hana sababu ya kufiwa na mama aliye hai. Kama chaguo hili linawezekana, mnaweza kuacha kusoma hapa.

Umri ndio unaoamua mengi

Kwa mtoto mchanga, ushahidi umeelemea upande mmoja, na umeelemea kwa muda mrefu.

Mwaka 1945 daktari René Spitz alichapisha ulinganisho wa watoto wachanga wa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kituo cha watoto waliotelekezwa: pasafi, chakula cha kutosha, daktari anapita, lakini muuguzi mmoja alikuwa na watoto wengi na watoto wenyewe walishinda vitandani wakitazama dari. Ya pili ilikuwa gereza la wanawake, ambako wafungwa walikuwa wakiwalea watoto wao wenyewe. Wa gerezani walikua vizuri. Wa kituo kile kisafi walidumaa, wakachelewa kutembea na kusema, na zaidi ya theluthi ya wale aliowafuatilia walikufa ndani ya miaka miwili. Utafiti ule una kasoro zake, na vituo vya leo si vya 1945. Hata hivyo kila nikisikia mtu anasifu usafi wa sakafu ya kituo cha watoto wachanga, nalikumbuka lile gereza.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Bucharest, mji mkuu wa Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilizuia utoaji mimba ili taifa lizae zaidi. Watoto walizaliwa kwenye nyumba zisizoweza kuwalea, wakaingizwa kwenye taasisi za serikali, na utawala ule ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikakuta zaidi ya watoto laki moja humo. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wa Marekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wa miezi 6 hadi 31 waliokuwa wakiishi katika taasisi hizo, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walikwenda kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zisizo za damu zinazompokea mtoto, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Waliohamia kwenye familia waliwapita wenzao katika vipimo vya akili na katika uwezo wa kushikamana na mlezi. Na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi ndio walionufaika zaidi, mpaka watafiti wakazungumzia dirisha linalofunga.

Dirisha hilo linaeleweka bila maabara. Mtoto mchanga hujenga ubongo wake kwa kujibizana. Analia, anakuja mtu, uso uleule, harufu ileile, sauti ileile. Siku mia za namna hiyo humfundisha kwamba kulia kuna maana. Kituoni walezi huingia kwa zamu, asubuhi huyu, usiku yule, mwezi ujao mgeni kabisa, na kila mmoja ana watoto saba wa kubadilisha nepi kabla zamu haijaisha. Hata mlezi mwenye moyo wa dhahabu hawezi kuwa mtu mmoja kwa watoto wote hao. Mtoto anajifunza kunyamaza. Wageni wakifika husema: jamani watoto hawa watulivu! Utulivu wa mtoto wa miezi kumi usimfurahishe mtu.

Miongozo ya mwaka 2009 inaelekeza watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia, na kituoni wakae kwa dharura tu, kwa muda mfupi uliopangwa, au ili kutowatenganisha na ndugu zao wa tumbo moja.

Hapa lazima niwakanye watu wa upande wangu. Familia za Bucharest hazikuwa za wajomba na mashangazi. Zilikuwa familia zilizotafutwa, zikachujwa, zikalipwa, na maofisa wa ustawi wakawa wanazitembelea. Anayeutumia utafiti huo kumbebesha bibi wa miaka sabini wajukuu watano bila msaada wowote anautumia kwa jambo ambalo haukulipima.

Utafiti ambao wapenzi wa familia huuruka

Mwaka 2009 Kathryn Whetten na wenzake walichapisha matokeo kutoka nchi tano: Cambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Waliwapima watoto yatima na waliotelekezwa wa miaka 6 hadi 12, 1,357 wakiishi katika taasisi na 1,480 wakiishi na familia katika jamii. Walipima afya, hisia, akili, ukuaji wa mwili. Watoto wa taasisi hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa majumbani, na katika vipimo kadhaa walikuwa na nafuu kidogo.

Watu wa vituo huushika utafiti huu kama ngao. Watu wa familia hujifanya haupo. Mimi nausoma pamoja na ule wa Bucharest na sioni ugomvi kati yao. Mmoja ulihusu wachanga, mwingine watoto wa umri wa shule ya msingi, ambao wengi wao wamekwisha kubebwa na kubembelezwa na mtu kabla msiba haujawafika. Mmoja ulilinganisha taasisi na familia zenye msaada, mwingine ulilinganisha taasisi za kila aina na familia kama zilivyo, nyingi zikihangaika peke yake. Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja, zinasema hivi: kwa mtoto mdogo, tafuta mtu mmoja wa kudumu kwa gharama yoyote. Kwa mtoto mkubwa kidogo, usidhani nyumba ni bora kwa sababu tu ni nyumba.

Ndugu yupi?

Waswahili tunasema undugu ni kufaana, si kufanana. Ingekuwa raha takwimu zingekubali. Mwaka 2004 Anne Case, Christina Paxson na Joseph Ableidinger walichambua takwimu za kaya za nchi kumi za Afrika, wakakuta yatima wana nafasi ndogo ya kuwa shuleni kuliko watoto wengine wanaoishi nao chini ya paa moja. Hesabu ile haihusu watu maskini dhidi ya matajiri, inahusu nyumba ileile. Na pengo lilitegemea ukaribu wa undugu: mtoto akiwa kwa bibi yake mzaa mama ni jambo moja, akiwa kwa binamu wa baba ni jambo jingine.

Kwa hiyo neno "familia" linaficha ngazi nyingi. Juu kabisa ni mzazi aliyebaki, kisha babu na bibi, kisha kaka au dada wa tumbo moja aliyekwisha kuwa mtu mzima, kisha wadogo na wakubwa wa wazazi. Ukishashuka mpaka kwa "yule mtu wetu wa mjini", ukaribu umekwisha na umebaki mkataba usioandikwa: mtoto atapewa pa kulala, naye atafanya kazi. Mtoto wa namna hiyo hana tofauti kubwa na mfanyakazi wa ndani, isipokuwa mfanyakazi hulipwa.

Kuna jambo ambalo vikao hulikwepa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wajomba watatu wanaweza kukubaliana kwa dakika kumi kwamba watoto waende kwa kaka yao mkubwa, wakanywa chai wakaondoka. Atakayewaogesha, kuwapikia na kukaa nao hospitali ni mke wa kaka huyo, shemeji ambaye huulizwa mwisho, kama anaulizwa. Msimwulize mbele za wakwe. Anayesema "mimi sina neno" mbele ya wakwe hajasema ndiyo. Mtafuteni faraghani, mtumeni anayeaminiana naye, na mmwache awe na haki ya kukataa bila kuitwa mwenye roho mbaya. Shemeji aliyekataa leo amewasaidia kuliko aliyelazimishwa, kwa sababu aliyelazimishwa atakataa polepole, sahani moja baada ya nyingine, na mtoto ndiye atakayeonja kukataa huko.

Akishapatikana mtu mwenye jina, mwulizeni mambo ya kawaida kabisa. Mtoto atalala wapi, na nani? Ada na matibabu vinatoka mfukoni mwa nani, na akikwama nani anapigiwa simu? Wanawe wameambiwa nini? Kama ni bibi, nani anayemfuata siku nguvu zikimwishia? Swali la bibi linaudhi, najua. Lakini mtoto aliyefiwa mara moja atafiwa tena, na mara ya pili kikao hakitakuwa na watu wengi.

Ndugu wa tumbo moja

Hapa kituo kinaweza kuishinda familia. Ndugu wakigawana watoto kama mirathi, mmoja kwa shangazi, wawili kwa mjomba, kitinda mimba kwa bibi, watoto hupoteza wazazi na kisha hupoteza wenzao. Kituo huweza kuwapokea wote wanne kwa siku moja. Ila ulizeni: baadhi ya vituo huwapanga watoto kwa jinsia na umri, na ndugu wanne wanaishia mabweni manne, wakionana mstarini.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa inasema ndugu wasitenganishwe isipokuwa pana hatari ya mateso au sababu nyingine ya wazi inayomfaa mtoto. Nikilazimika kuchagua, naipa hoja hii uzito kuliko hoja ya shule bora. Kama hakuna nyumba ya kuwachukua wote, wapeni nyumba mbili zilizo jirani.

Chakula, shule na dawa

Hapa sina maneno mengi. Kituo chenye fedha huishinda nyumba maskini kwa ratiba ya chakula, madaftari na dawa zinazotolewa kwa saa. Mtoto anayetumia dawa za kila siku anaweza kuwa salama zaidi penye daftari la dawa kuliko penye bibi asiyesoma maandishi ya chupa.

Lakini fedha hizo zinatoka mahali. Benki ya Dunia ilipoangalia gharama mkoani Kagera, Tanzania, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi mapema kuliko sehemu nyingi, kumtunza mtoto mmoja kituoni kuligharimu karibu mara sita ya kumsaidia katika familia ya malezi. Kwa hiyo udhaifu wa nyumba ya ndugu ni udhaifu wa aina gani? Kama ni ada na chakula, unatibika kwa sehemu ndogo ya fedha anazotoa mfadhili wa kituo. Kukosa mtu wa kumwita mama hakununuliki kwa bei yoyote. Nikipata nafasi ya kuzungumza na mfadhili, swali langu ni hilo tu: kwa nini fedha yako imfuate mtoto akiwa nyuma ya ukuta, isimfuate akiwa kwa bibi yake?

Akiumizwa, nani atajua?

Mateso hayachagui mahali. Yapo majumbani, yapo vituoni, na anayekuambia kuna upande uliosalimika anakuuzia kitu. Mimi hulinganisha macho: ni nani anayemwona mtoto huyu, na anaweza kumwambia nani?

Nyumbani kuna majirani, mwalimu, ndugu wanaopita bila taarifa. Wakati huohuo kuna aibu, kuna "tusiaibishe ukoo", na mtoto anayemtegemea mtesaji wake kwa kila tonge. Kituoni huenda kuna kanuni, kitabu cha matukio na mkaguzi. Pia kuna lango, na watoto wakubwa wanaowaonea wadogo usiku mlezi wa zamu akiwa amelala. Halafu kuna wageni. Kituo kinachomruhusu mtu yeyote mwenye zawadi kuingia, kubeba mtoto, kupiga picha na kuondoka kinawafundisha watoto kumkimbilia na kumkumbatia mtu wasiyemjua. Mgeni anaona upendo. Mtoto wa miaka minne mwenye mlezi wa kudumu hujificha nyuma ya kanga kwanza, akachungulia.

Nyumba na shamba la marehemu

Anayesisitiza sana kituo, mwulize kwa upole: nyumba ya marehemu atakaa nani? Anayesisitiza sana kumchukua mtoto, mwulize hilohilo.

Yatima akiwa mbali kituoni, mali ya wazazi wake hubadilika umiliki kimyakimya, na akirudi mtu mzima hukuta ukuta wa mtu mwingine. Akiwa kwa ndugu yuko karibu na mali, lakini huenda pia yuko mikononi mwa anayeila. Dawa ni ileile pande zote mbili: orodha ya mali iandikwe kabla mtoto hajahama, hati zipigwe picha, nakala ikae kwa mtu asiyeishi na mtoto, na msimamizi wa mirathi asiwe mtu yuleyule anayemlea. Watu wawili hata wakiwa waaminifu wote wanaangaliana. Mmoja hujikuta anajikopesha.

Siku ya kutoka

Upande wa kituo una tarehe. Kwa vituo vingi, kijana akifika miaka 18 au akimaliza shule anafungiwa mizigo. Amekula kwa kengele miaka kumi, hajawahi kwenda sokoni na fedha kidogo akarudi na chakula cha siku mbili, hajawahi kumwona mtu mzima akigombana na mwenzake kisha wakapatana. Anaweza kuwa na cheti kizuri. Anapougua, fomu ya hospitali inauliza jina la ndugu wa karibu, naye anaandika namba ya ofisi.

Nyumba ya ndugu haina tarehe hiyo. Hata iliyomlea vibaya kidogo humwachia kitu: shangazi wa kulalamika naye, jina linalojulikana, watu watakaokaa upande wake siku ya kuoa au kuolewa, na mahali pa kurudi kazi ikiharibika. Mtoto haoni thamani ya vitu hivyo akiwa na miaka tisa. Huanza kuvihitaji akifika ishirini na tatu. Kwa macho yangu hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kumweka mtoto kwa ndugu, na ndiyo isiyotajwa kikaoni kwa sababu kila mtu anafikiria muhula ujao wa shule.

Yaliyo katikati

Wapo watoto ambao ndugu hawapo kabisa, au waliopo ndio hatari yenyewe. Hata hapo jibu halirukii kituo moja kwa moja. Kuna malezi ya kambo, ambapo familia isiyo ya damu inampokea mtoto chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Kuna kuasili kwa amri ya mahakama. Kuna kafala kwa Waislamu, ambapo mtoto analelewa kikamilifu bila kubadilishiwa nasaba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazitaja zote tatu katika ibara ya 20, na unaiweka taasisi mwishoni, "ikibidi".

Kuna pia vijiji vya nyumba ndogondogo, mtindo ulioanzishwa na Hermann Gmeiner katika mji wa Imst, Austria, mwaka 1949: nyumba moja, mama mlezi mmoja anayeishi humohumo, watoto wachache, ndugu pamoja. Ni kituo, na siku ya kutoka bado ipo, lakini tatizo la zamu limepungua sana. Kama lazima iwe taasisi, natafuta ya sura hii.

Bweni ninalitaja kwa sababu ndugu wengi hulitumia kama suluhisho. Shule ya bweni si malezi. Ina likizo, na likizo ndiyo humwonyesha yatima kwamba hana pa kwenda.

Mkiamua kituo

Wapo ambao kituo kitawafaa: kijana mkubwa aliyekimbia mateso ya ndugu na hataki nyumba nyingine, mtoto anayesubiri mahakama iamue, mtoto mwenye matibabu ambayo kwa sasa hayapatikani nyumbani. Nendeni wenyewe, bila taarifa, saa za jioni, maana asubuhi kila kituo ni kizuri. Ombeni kuona cheti cha usajili na ripoti ya ukaguzi. Ulizeni mlezi mkongwe ana miaka mingapi hapo, na mlezi mmoja ana watoto wangapi usiku. Ulizeni ni watoto wangapi walirudi kwa ndugu zao mwaka uliopita. Kituo kisichomrudisha mtoto yeyote kinawahitaji watoto kuliko wanavyokihitaji. Na kikikataza ndugu kumtembelea mtoto, ondokeni naye siku hiyohiyo.

Andikeni tarehe ya kuangalia upya, miezi sita kwa mfano, na jina la ndugu atakayepiga simu kila juma. Kituo bila tarehe hugeuka kuwa utoto mzima.

Mkiamua ndugu

Michango iwe na mtunza daftari na iende kwa anayelea, si kwa mkuu wa ukoo. Taarifa zifike ofisi ya ustawi wa jamii, hata kama mnaona ni mambo ya ndani, kwa sababu msaada wowote wa serikali au shirika hupitia huko na pia mtoto anapata mtu wa nje anayemjua kwa jina. Mpeni mlezi mapumziko: likizo moja watoto waende kwa mwingine, ila warudi. Kila mtoto awe na picha ya wazazi wake anayoimiliki mwenyewe.

Baada ya miezi mitatu kaeni tena. Kabla ya kikao hicho, ndugu mmoja asiyeishi naye amtoe mtoto nje, watembee wawili tu, asimwulize kama anapendwa. Amwulize nani humwamsha asubuhi, nani alimchekesha juzi, anakula na nani, anaporudi shule anaanza na nini. Mtoto wa miaka sita anajibu maswali hayo vizuri kuliko mtu mzima yeyote nyumbani humo, na wa miaka kumi na mbili anastahili pia kuulizwa lile ambalo labda hakuulizwa siku ya kwanza: angependa kuishi kwa nani.